Noble Johnson: Mmarekani mweusi aliyeigiza kila taifa Hollywood isipokuwa la kwake

Mkanda wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jukwaa hili limejaa nyuzi za Denzel na Will Smith, leo naomba niwarudishe nyuma miaka mia moja na zaidi.

Kama umewahi kuangalia King Kong ile ya kwanza kabisa, ya 1933, basi huyu mtu umeshamwona. Ni yule chifu wa kisiwa. Wageni wa meli wanachungulia kijijini wakati ngoma imepamba moto, chifu anawaona, anakatiza shughuli, halafu anawafuata. Fungua sauti hapo usikilize: kila anapotua mguu, muziki nao unatua. Max Steiner, aliyetunga muziki wa ile picha, aliupima kwa hatua za huyu bwana. Akiwafikia anamkazia macho yule dada wa Kizungu, anataka kumnunua, anatoa wanawake sita kwa mmoja.

Huyo ni Noble Johnson. Hakutoka kisiwa chochote. Ni Mmarekani mweusi, kazaliwa Missouri mwaka 1881, kakulia Colorado Springs kwenye mazizi ya farasi.

Amecheza picha zaidi ya 140, kuanzia 1915 mpaka 1950. Amekuwa Mhindi Mwekundu, mwana wa mfalme wa India, Mnubi, mla watu, Mrusi, zombi. Lakini picha alizocheza kama Mmarekani mweusi wa kawaida tu, aliyesoma, mwenye kazi na mchumba, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hizo ilibidi azitengeneze mwenyewe kwa mshahara aliokuwa akilipwa na Wazungu. Leo hii hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kukaa ukaiangalia.

Nitashusha kwa vipande, mnivumilie.

---

Mtaa wa Saba

Nimeweka kambi hapa. Shusha mkuu.

---

Kijana wa Pangani

Hahaha, hiyo King Kong mimi niliiona banda umiza nikiwa mdogo. DJ wetu wa kutafsiri alikuwa anamwita yule chifu "baba mkwe". Kila akitokea, banda zima linapiga kelele "mahari! mahari!" Sikuwahi kujua kama yule mtu ana jina.

---

Mkanda wa Zamani

Tuendelee.

Baba yake, Perry Johnson, alikuwa mfunza farasi mwenye sifa pale Colorado Springs. Mji ule ulikuwa na matajiri wa migodi ya dhahabu, na matajiri wanapenda farasi wa mbio, kwa hiyo mzee hakukosa kazi. Noble aliacha shule akiwa na miaka kama 15 akamfuata baba yake kwenye farasi. Amekuwa mchunga ng'ombe, amefunza farasi. Shuleni wanasema alikuwa pamoja na Lon Chaney, yule aliyekuja kuwa mfalme wa picha za kutisha enzi za sinema bubu, maana naye ni mtoto wa mji uleule.

Sasa mwaka 1914 kampuni ya Lubin, ya Philadelphia, ikaenda kupiga picha Colorado. Mwigizaji aliyepangwa kucheza Mhindi Mwekundu akaumia. Mnajua mambo ya picha, siku moja ya kusimama ni hela inayeyuka. Wakatafuta mtu wa palepale, awe na mwili na ajue farasi. Noble alikuwa na futi 6 na inchi 2, kifua kipana, na juu ya farasi amekaa tangu utotoni. Wakamchukua. Picha inaitwa The Eagle's Nest, ikatoka 1915.

Angalieni hapo. Mtu mweusi anaingia kwenye sinema kwa mara ya kwanza, na anaingia akiwa mtu wa kabila jingine. Kazi yake yote ikaja kufuata njia hiyohiyo.

Na ukumbuke 1915 ni mwaka gani. Ni mwaka wa The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, lile lipicha la saa tatu lililowatukuza Ku Klux Klan, genge la Wazungu wabaguzi. Mle ndani watu weusi muhimu wamechezwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kiliandamana mji kwa mji kuipinga, lakini ikajaza kumbi na ikaonyeshwa mpaka Ikulu ya Marekani. Yaani Mzungu alikuwa na ruhusa ya kucheza mweusi kwa masizi, na mweusi akitaka kazi inabidi aonekane kama kitu kingine.

---

Shangazi wa Tanga

Swali dogo mwanangu. Watu walikuwa hawamjui kama ni mweusi?

---

Mkanda wa Zamani

Shikamoo Shangazi. Wenye studio walijua. Watazamaji wa Kizungu wengi hawakujali, kwao lile jitu ni "mtu wa porini" na limeishia hapo. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, na picha zenyewe nyeusi na nyeupe. Ukimbadilishia nywele na kilemba na kumwongezea poda, anakuwa yeyote unayemtaka. Mwelekezi aliyehitaji Mwarabu asubuhi na Mhindi Mwekundu jioni alikuwa na mtu mmoja wa kumpigia simu.

Lakini watazamaji weusi walimjua vizuri sana. Kwenye kumbi za mitaa yao, Chicago na kwingineko, walikuwa wanamtambua hata akiwa kajazwa manyoya kichwani. Hiyo ndiyo iliyokuja kumletea balaa, nitafika.

---

Mtaa wa Saba

Balaa tena? Usikatie patamu mkuu.

---

Mkanda wa Zamani

Haya, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1916 Noble yuko California, anacheza picha za studio ya Universal, jina limeanza kupanda. Akaungana na watu weusi wenzake pale Los Angeles wakaanzisha kampuni yao, Lincoln Motion Picture Company. Noble ndiye rais wa kampuni. Alikuwemo mwigizaji Clarence Brooks, alikuwemo Dk. James T. Smith, mtu mwenye fedha zake. Mpiga picha alikuwa Mzungu mmoja, Harry Gant. Na kule Omaha, Nebraska, maili zaidi ya elfu moja, alikuwepo mdogo wake Noble, George Johnson, mfanyakazi wa posta.

Picha yao ya kwanza, 1916, The Realization of a Negro's Ambition. Mikanda miwili tu, kama nusu saa hivi. Nawasimulia maana hamtaiona:

Kijana James Burton amemaliza Tuskegee, chuo cha Booker T. Washington, kasomea uhandisi. Nyumbani kwao ni shamba. Anamuaga baba, anamuaga mchumba, anakwenda California kutafuta maisha kwenye visima vya mafuta. Anafika, anaomba kazi, anaambiwa hatuajiri weusi. Anaondoka zake. Njiani anakuta gari la farasi limeponyoka na ndani yumo binti, anamwokoa. Kumbe ni binti wa mwenye visima. Hapo ndipo kazi inapatikana, anapewa kuongoza utafutaji wa mafuta. Sasa akiwa kazini, akiangalia ile ardhi, akili inamcheza: mbona inafanana na ya kule nyumbani kwa mzee? Anarudi, anachimba, mafuta yanatoka kwenye shamba la baba yake mwenyewe. Anaoa.

Nani anacheza James Burton? Noble. Na hapo yule mtu wa farasi akapata na pa kuonyesha ufundi wake.

Leo utaniambia hadithi yenyewe nyepesi. Ni kweli nyepesi. Lakini fikiria umekaa ukumbini Chicago mwaka 1916. Kila picha uliyowahi kuona, mweusi ama anaiba kuku, ama anaogopa mizimu, ama anamkimbiza binti wa Kizungu. Leo kwenye kitambaa anatokea mweusi mwenye cheti cha uhandisi, suti imemkaa, na stelingi ni yeye!

Wakafuatisha The Trooper of Troop K. Mwezi Juni 1916 wanajeshi weusi wa kikosi cha 10 cha farasi walipigana na jeshi la Mexico pale Carrizal, wakati Marekani inamsaka Pancho Villa, mwanamapinduzi wa Mexico, na wakapoteza watu. Magazeti ya watu weusi yaliandika sana. Kina Noble hawakulaza damu, wakaigeuza picha ya mikanda mitatu. Noble ni Joe, kijana mvivu asiye na mbele wala nyuma, anaingia jeshini, Carrizal anamwokoa kamanda wake, anarudi shujaa. Kwenye farasi tena, naam.

Ya tatu, The Law of Nature, 1917. Hiyo sina mengi ya kusema.

---

Daktari wa Redio

Mkuu hapa kwenye biashara naomba ufafanue. Hizo picha zilisambazwaje? Maana kutengeneza muvi ni jambo moja na kuiuza ni jambo jingine, hata Bongo tunalijua hilo.

---

Mkanda wa Zamani

Swali zuri, na jibu ni George, yule wa posta.

Kumbi za Wazungu hazikuchukua picha za Lincoln. Zilibaki kumbi za watu weusi, na hizo ni chache, zimetawanyika nchi nzima, kusini na kaskazini. Hakuna msambazaji mkubwa. George alifanya kazi posta, na muda uliobaki akawa ofisi nzima ya masoko. Anaandika barua kwa wenye kumbi. Anaandikia magazeti ya watu weusi. Kule Chicago akampata Tony Langston, mhariri wa burudani wa Chicago Defender, akawa wakala wao. Ebu fikiria, mhariri anayeisifu picha gazetini ndiye huyohuyo anayeikodisha kwa wenye kumbi. Leo tungesema mgongano wa maslahi, kwao ilikuwa ndiyo namna pekee ya kuishi.

Nakala za mkanda zilikuwa chache. Mkanda unasafiri na treni, unaonyeshwa mji huu siku mbili tatu, unafungwa, unakwenda mji unaofuata. Kila ukipita kwenye mashine unachanika kidogo. Fedha inarudi kwa matone, na bila ya picha ya kwanza kurudisha, ya pili haitengenezwi. Pengo linazibwa na nini? Mshahara wa Noble wa Universal. Kwa maneno mengine, manyoya ya Mhindi Mwekundu ndiyo yalikuwa yakimlipia James Burton suti.

---

Shangazi wa Tanga

Hapo umenigusa. Endelea na hilo balaa.

---

Mkanda wa Zamani

Balaa ni hili Shangazi.

Enzi zile Universal walikuwa wanatoa picha za mfululizo, kila wiki kipande, mtu anaachwa ananing'inia kwenye korongo mpaka wiki ijayo. Noble alikuwemo kwenye The Red Ace ya 1917, The Bull's Eye ya 1918 na nyinginezo. Kwenye hizo yeye si stelingi, ni mtu wa pembeni. Lakini kwenye mitaa ya watu weusi wenye kumbi walikuwa wanambandika mlangoni kana kwamba picha ni yake. Watu wanamfuata yeye.

Sasa Lincoln nao wanaleta picha zao mtaa uleule, sura ileile mlangoni, na safari hii ni stelingi kwelikweli. Watu wanakwenda wapi? Wanakwenda kwa Lincoln. Ukumbi wa jirani wenye mkanda wa Universal unapiga miayo. Wenye kumbi wakalalamika, malalamiko yakafika Universal.

Universal wakamwita wakamwambia achague. Ama abaki nao na aachane na ile kampuni, na sura yake isitumike kutangaza picha mpya za Lincoln, ama aende zake.

Septemba 1918 Noble akajiuzulu urais wa Lincoln.

---

Kipanga

Hapo ndipo ninapowashangaa hawa watu. Kaanzisha kampuni ya kuwatetea wenzake, kaitwa ofisini mara moja tu, kakunja mkia. Halafu maisha yake yote kacheza washenzi na wala watu. Samahani mkuu, mimi huyu simuiti shujaa.

---

Kijana wa Pangani

Kipanga acha jazba. Ungekuwa wewe ungekula nini?

---

Kipanga

Ningekula ugali wa heshima. Mbona Robeson aliweza?

---

Wa Kisumu Ndogo

Habari zenu majirani. Kwa vile Robeson ametajwa, wacha niongeze kitu kidogo kutoka huku kwetu. Paul Robeson, yule mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, alicheza Sanders of the River, iliyotengenezwa Uingereza, 1935. Kati ya wale waigizaji wa kujazia, waliosimama nyuma wakiwa wamevaa kama machifu, mmoja alikuwa Jomo Kenyatta, wakati huo anasoma na kuhangaika na maisha London. Mzee mwenyewe, kabla ya urais, kwenye picha ya kumsifu mkoloni!

Na Robeson wakati huo alikuwa amesoma lugha za Kiafrika pale London, Kiswahili kikiwemo. Aliingia kwenye ile picha akidhani itaonyesha utamaduni wa Mwafrika kwa heshima. Ilipotoka akakuta imegeuka wimbo wa kuusifia ukoloni, na baadaye akaikana hadharani. Kwa hiyo Kipanga, hata huyo Robeson wako alishaliwa. Ni kwamba yeye alipochoka aliondoka. Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan, akasema Hollywood basi.

---

Mkanda wa Zamani

Asante sana jirani, umeniokolea kuandika.

Kipanga, nakuelewa lakini nakupinga. Robeson alipoifungia Hollywood mlango alikuwa na sauti yake. Angejaza ukumbi wa muziki mji wowote. Alikuwa na digrii ya sheria ya Columbia. Noble alikuwa na farasi na uso wake, na shule aliiacha mapema.

Pili, tazama kilichotokea kwa Lincoln baada ya Noble kuondoka. Hawakufa siku ile. Dk. Smith akashika urais, Clarence Brooks akawa stelingi, wakatoa A Man's Duty mwaka 1919, na By Right of Birth mwaka 1921, ya mikanda sita, kubwa kuliko zote walizowahi kufanya. Kisha fedha ikakata na kampuni ikafunga mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kama Noble angegoma mwaka 1918, Universal wangemfukuza, mshahara uliokuwa ukiziba pengo ungekwisha, na picha ya nne ingetengenezwa na nini? Mimi nadhani angefukuzwa na kampuni ingekufa vilevile, tena mapema zaidi.

Lakini sisemi kwamba hakupoteza kitu. Alipoteza, na hasara yenyewe unaiona kwenye picha zilizofuata.

---

Daktari wa Redio

Zilete hizo picha zilizofuata basi.

---

Mkanda wa Zamani

Miaka ya 1920 alikuwa na kazi kuliko waigizaji wengi weupe. Mwaka 1922 ni Ijumaa, yule mtumishi wa Crusoe, kwenye Robinson Crusoe ya mfululizo. Mwaka 1923 yumo The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille. Mwaka 1924 yumo The Thief of Bagdad ya Douglas Fairbanks, ni mwana wa mfalme wa India aliyekuja kuposa, kilemba na vito mpaka puani, na mwaka huohuo ni chifu wa wala watu kwenye The Navigator ya Buster Keaton. Mwaka 1927 DeMille akamchukua tena kwenye The King of Kings, akampa kuendesha gari la Maria Magdalena linalovutwa na pundamilia. Pundamilia! Ukitaka kumkabidhi mtu mnyama asiyefugika, huyu ndiye.

Mwaka huohuo wa 1927 alipata nafasi ya kucheza Mmarekani mweusi, kwenye Topsy and Eva. Wakampa nani? Mjomba Tom. Mtumwa.

Mwaka 1930 ni Queequeg, mpiga nyangumi, kwenye Moby Dick ya John Barrymore. Wakati huo sauti ilikuwa imeshaingia, na hapa kuna jambo nililoligundua nikiziangalia mfululizo, sijui kama na nyie mtaliona. Sinema zilipoanza kusema, yeye wakamnyang'anya mdomo. Kwenye The Most Dangerous Game ya 1932 yeye ni Ivan, Mrusi, mtumishi wa yule mwindaji wa binadamu, na Ivan ni bubu. King Kong, 1933, anaongea lugha iliyotungwa kwa ajili ya picha. The Ghost Breakers, 1940, ni zombi, yaani maiti inayotembea, hasemi. Enzi za picha bubu wote walikuwa sawa, Barrymore hana sauti na Noble hana sauti. Wenzake wakapata maneno, yeye akabaki kukodoa macho.

---

Mtaa wa Saba

Subiri kwanza, Ivan ni Mrusi mweupe? Mweusi kacheza Mzungu 1932?

---

Mkanda wa Zamani

Ndiyo mkuu. Walimpaka weupe, wakampachika ndevu. Miaka 17 baada ya wale Wazungu wa Griffith kujipaka masizi. Wengi walioiangalia hawakushtuka hata kidogo.

Na wakati huohuo kulikuwa na masharti ya maadili ya studio, yaliandikwa 1930 na kuanza kubanwa kisawasawa 1934. Yalikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mweupe. Maana yake mwanamume mweusi stelingi haiwezekani, kwa sababu picha ya Hollywood bila mapenzi haiuziki, na dada wa kupendwa lazima awe mweupe. Ndiyo maana anapomtaka yule dada kwenye King Kong anamtaka kama chifu wa kishenzi wa kununua watu. Hiyo iliruhusiwa.

---

Kipanga

Hili la kunyang'anywa mdomo sikulifikiria. Lakini bado nasema alichagua mshahara.

---

Shangazi wa Tanga

Kipanga mwanangu, kila anayeamka alfajiri kwenda kazini kachagua mshahara. Mwache marehemu.

---

Daktari wa Redio

Mkuu umesema mwanzoni picha zake mwenyewe hazionekani. Zimekwenda wapi?

---

Mkanda wa Zamani

Zimepotea. Mikanda ya enzi zile ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto kama baruti, na kisipoungua kinaoza chenyewe kikawa ungaunga. Studio kubwa zenyewe hazikuhifadhi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013: picha ndefu bubu za Marekani, takriban asilimia 70 zimepotea kabisa. Sasa kama studio zenye maghala zimepoteza kiasi hicho, kampuni ya watu wachache yenye nakala za kuhesabu ingebakisha nini?

Kilichobaki cha Lincoln nzima ni kipande cha By Right of Birth, kama dakika nne. Hiyo ni ya 1921. Noble alishaondoka, hayumo.

Tunachojua kuhusu James Burton na suti yake tunakijua kwa sababu ya George. Yule bwana wa posta hakutupa karatasi. Barua, mabango, vipande vya magazeti, kadi za majina ya waigizaji weusi, alikusanya maisha yake yote, na mkusanyiko wake leo upo chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Kaka alikuwa mbele ya kamera miaka 35, lakini aliyetunza kumbukumbu ni mdogo mtu.

Noble aliacha picha mwaka 1950. Akaishi kimya sana, akafariki Januari 1978 California, ana miaka 96. Tarehe hizo zikumbuke ukikutana na mtu anayesema weusi waliingia Hollywood na Sidney Poitier, yule nyota wa miaka ya 1950 na 1960.

---

Wa Kisumu Ndogo

Na Oscar Micheaux? Huyo naye ni wa wakati huo.

---

Mkanda wa Zamani

Huyo anataka uzi wake, na nitauleta. Kwa leo nikwambie tu kwamba waliwahi kukutana kibiashara. Mwaka 1918 George alisoma riwaya ya Micheaux, The Homesteader, akamwandikia kutaka haki za kuigeuza picha. Micheaux akajibu sawa, ila na yeye awemo kwenye kuitengeneza. Hawakuelewana. Micheaux akaenda kuitengeneza mwenyewe, ikatoka 1919, picha ndefu ya kwanza iliyotengenezwa na Mmarekani mweusi. Na ni yeye huyo aliyempa Robeson picha yake ya kwanza, Body and Soul, 1925. Hiyo ipo, unaweza kuiangalia.

---

Kijana wa Pangani

Mkuu mimi nataka kuanza kuangalia. Nianze na ipi?

---

Mkanda wa Zamani

Anza na The Most Dangerous Game. Ni saa moja na dakika chache tu, haki zake zimeisha muda, inapatikana mtandaoni bure. Mtafute Ivan. Halafu usiku uleule weka King Kong. Utaona msitu ni uleule, hata lile gogo lililolala juu ya korongo ni lilelile, maana studio ya RKO ilizipiga picha zote mbili kwa kutumia mandhari moja ili kubana matumizi. Yule dada naye ni yuleyule, Fay Wray. Noble pia ni yuleyule, kwenye moja ni Mrusi na kwenye nyingine ni chifu wa kisiwa.

---

Mtaa wa Saba

Na Clarence Brooks, yule aliyebaki Lincoln, aliishia wapi?

---

Mkanda wa Zamani

Aaah, nilitaka kumsahau. Mwaka 1931 John Ford alimchukua kwenye Arrowsmith, picha ya madaktari na tauni. Clarence anacheza Dk. Oliver Marchand, daktari mweusi, visiwa vya Karibi. Hachekeshi, hatumikii chai, hababaiki. Anaongea na daktari wa Kizungu kama mwenzake wa kazi, Kiingereza kimenyooka. Magazeti ya watu weusi yaliishangilia sana nafasi ile kwa sababu haikuwahi kuonekana kwenye picha kubwa ya Hollywood.

Na John Ford huyohuyo, mwaka 1949, alimhitaji mtu wa kucheza chifu wa Wahindi Wekundu kwenye She Wore a Yellow Ribbon. Akamwita Noble, miaka 68, bado anakaa juu ya farasi vizuri.